Maji ya Miguu ya Mgeni

Mgeni alikuja saa ambayo wageni hawaji. Maji yalikuwa yamejaa ukumbi wa chini mpaka magotini, sufuria zetu zinaelea kama bata, na Shangazi Mwanaheri amekaa juu ya meza, miguu kaikunja, anasuka ukili wa mkeka kana kwamba dunia yote iko pale alipoiacha jana. Ndipo tukasikia hodi.

"Hodi wenyewe! Nipite au niogelee?"

"Karibu, pita," Shangazi akaitikia. Hakuuliza ni nani. Katika Jengo letu mtu haulizwi jina kabla hajaoshwa miguu.

Aliingia mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani. Bega moja lilibeba fito ndefu za mianzi zilizofungwa pamoja, bega jingine lilining'iniza ndoo. Umri wake sikuweza kuukisia. Alipoinama kupita mlangoni alikuwa binti wa rika langu. Aliponyooka upande wa ndani alikuwa na mvi. Nilipepesa macho mara mbili, naye akawa kama watu wote wawili kwa pamoja, na hakuonekana kusumbuka.

"Siwatu," Shangazi akaniambia, "lete beseni mgeni aoshwe miguu."

"Shangazi, miguu yake si imo ndani ya maji?"

"Hayo ni maji ya balaa. Mimi nimesema maji ya adabu."

Mgeni akacheka. Kicheko chake kiliruka juu ya maji, kikagonga ukuta wa mbele, kikarudi kwetu kikiwa kikubwa zaidi. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alicheka katika ukumbi ule.

Niseme kidogo kuhusu Jengo, maana anayekaa ndani ya kitu hudhani kila mtu anakijua. Wapo wanaosema lilijengwa, wapo wanaosema liliota. Lina ghorofa sita juu yetu. Saa yake ya ukutani ina mishale mitatu, na kila mshale unafuata wakati wake, hata watu wawili wanaweza kupishana ngazini, mmoja anatoka kuzaliwa na mwingine anakwenda kuzikwa, wakaulizana habari za asubuhi. Wakati mmoja tu tunao sote pamoja: baragumu la alasiri, linalopigwa kutoka juu ya paa. Na desturi moja tu tunayo sote pamoja, nayo ni hiyo ya miguu. Mgeni akifika kizingitini, mwenyeji huinama, humwosha miguu, na maji yale yenye vumbi la njia huyamwaga katika tundu lililo katikati ya ukumbi wa chini. Ghorofa za juu nazo humwaga ya kwao katika mabomba, na mabomba yote huteremka kwenye tundu hilohilo. Babu zetu walifanya hivyo. Bibi zetu walifanya hivyo. Ni desturi nzuri, na mpaka leo naipenda. Lakini tangu nikiwa mdogo nimekuwa na swali ambalo walimu wangu walilifuta ubaoni kila nilipoliandika: maji yakishashuka, huenda wapi?

Nilisoma miaka mingi kwa ajili ya swali hilo. Nikapewa cheti chenye muhuri. Nikarudi chini na cheti changu, nikakitundika ukutani, na wiki hiyohiyo maji yakapanda yakakilowesha.

Mambo yalivyokuwa siku ile ni haya. Asubuhi, Karani Shomvi wa Baraza la Paa alikuwa ameteremka mpaka ngazi ya mwisho iliyokuwa kavu, akasoma karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ilisema hivi: ukumbi wa chini ukiwa bado na maji baragumu la alasiri litakapolia, utajazwa kifusi mpaka darini, na mlango wa Jengo utatobolewa ghorofa ya kwanza. Mikokoteni ya kifusi ilikuwa imeshapangwa nje, tuliiona. Karatasi ya pili ilinihusu mimi. Baraza lilikuwa limeona cheti changu. Lilikuwa limenipa chumba cha dirisha, ghorofa ya sita, dirisha pekee la Jengo linalotazama mbali, ambalo wanasema mtu akisimama hapo huona njia yote ya maji mpaka mwisho wake.

"Ufunguo ninao mimi," Karani alisema. "Baragumu likilia uwe mbele ya mlango huo, na miguu mikavu. Usipokuwepo, nitasoma jina linalofuata. Si mimi, dada Siwatu. Ni utaratibu."

"Na Shangazi?"

"Chumba ni cha mtu mmoja."

Shangazi alikuwa amesikia yote kutoka mezani. Alisema mimi niende na kwamba yeye haondoki. Alisema amezoea ukumbi huu, na kama ni kifusi, basi wamwage taratibu wasimharibie ukili wake. Alisema kwa mzaha. Lakini vidole vyake vilikosea kusuka, akafumua, akaanza upya, akakosea tena.

Nami, nitasema ukweli, nililitaka dirisha lile. Nililitaka kama mtu mwenye kiu. Na nilimtaka Shangazi abaki hai kwake. Vitu hivi viwili vilikuwa vimekaa kifuani mwangu kama wageni wawili wasiosalimiana, mpaka huyu mgeni wa tatu alipopiga hodi.

*

"Miguu mtaniosha nikimaliza," mgeni alisema. "Jina langu Kidawa. Haya, nimelisema kabla ya kuoshwa, mnisamehe. Nimeona mikokoteni ya kifusi nje, nikajua humu kuna mtaro ulioziba. Watu wakishindwa na udongo kidogo huleta udongo mwingi."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. "Wewe si Mishi, dada yangu mkubwa? Mishi aliyekwenda mtoni asirudi?"

"Inawezekana," Kidawa akajibu kwa upole. "Tundu la maji liko wapi, mdogo wangu?"

Nikamwonyesha. Tundu lilikuwa katikati ya ukumbi, chini ya maji, na juu yake tulikuwa tumeweka alama ya kijiti. Nikamweleza kwa fahari ya msomi kwamba tumejaribu kila kitu: tumelichokoa kwa vyuma, tumemwaga maji ya moto, tumewaomba wa juu wafungulie mabomba yote kwa pamoja ili nguvu ya maji isukume uchafu.

"Na ikawaje?"

"Ndiyo haya."

"Mwanangu, mtu amekabwa na tonge, nanyi mnamwambia ameze jingine." Alitembea ndani ya maji akifuata kitu asichokiona, nyayo zake zikipapasa sakafu, kutoka kwenye tundu mpaka ukuta wa mwisho, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusimamia. Akapiga sakafu kwa kisigino. Ililia kama ngoma. "Chemba ya mwisho iko hapa. Mtaro huzibuliwa kuanzia mwisho wake. Fungua njia ya kutokea kwanza, ndipo ufikirie kinachoingia. Nyie mmeanza mwanzo, kwa sababu mwanzo ndio mnaouona."

Nilitaka kuyaandika maneno hayo. Kalamu yangu ilikuwa inaelea mahali fulani.

"Nitachimba mimi," akaendelea. "Ila sitaweza kuchimba huku wanamwaga. Kazi hii ni mbili: mmoja anatoa chini, wengine wanajizuia juu. Nenda ukawaombe wafunge mabomba mpaka nipige fito mara tatu. Na kabla hujaenda, nina ombi langu, dogo tu. Nje ya ukuta, kwenye mteremko, nimepanda mbegu tatu za boga nilipokuwa napumzika. Nikishaoshwa miguu, maji yake usiyamwage humu. Yapeleke kwenye mbegu zangu leo hii, jua halijashuka. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, usimpe mtu akushikie wala usitue njiani. Mbegu nimeshaziambia zitapata."

"Umeziambia mbegu?"

"Wewe huongei na unachokipanda?"

Nikaahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, ya beseni moja na mbegu tatu. Nilicheka nilipokuwa naitoa.

*

Nilipanda ngazi nikiwa nalowa, na kila ghorofa ilinipokea kwa wakati wake.

Ghorofa ya kwanza walinipakata. Walisema nimezaliwa juzi, tazama vidole vyake, kama bamia. Nikawaambia kwa sauti ya mtoto wafunge mabomba, nao wakasema mtoto akiomba maji yanyamaze lazima kuna jambo, wakafunga. Ghorofa ya pili waliniita kwa jina la baba yangu, wakanilaumu kwa kutorudisha ngazi yao ya mbao. Nikaomba radhi kwa niaba yake. Wakafunga. Ghorofa ya tatu nilikuwa kikongwe. Walisimama wote waliponiona, "Shikamoo bibi," nami nikaitikia marahaba, na goti likaniuma kwelikweli. Nilijifunza pale kitu ambacho hakikuwa katika vitabu vyangu: kwamba mimi si mmoja. Anayenitazama hunikamilisha. Na anayeishi juu yangu hanijui, ila ananimwagia; nami naishi na kila anachokimwaga. Sabuni yake. Vumbi la wageni wake. Maji ya wali wake. Hatujawahi kuonana, na bado nusu ya maisha yangu ni yeye.

Nani yuko chini ya nani? Nilijiuliza nikipanda. Na aliye chini kabisa, chini yake pana nini? Ngazi. Pumzi. Ngazi. Je, mtu akiacha kumwaga kwa saa moja tu, atakuwa amepoteza nini? Ngazi tena.

Ghorofa ya nne alikuwepo Bwana Hamdu, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba, naye alikuwa anaoga. Alinijibu kupitia mlango.

"Siwezi! Nina povu mpaka masikioni!"

"Kwa saa moja tu, Bwana Hamdu."

"Povu litanikauka, Msomi! Nitakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa!"

"Shangazi Mwanaheri atafukiwa na kifusi."

Nikasikia bomba linafungwa, likilia kama mbuzi. "Mwambie," alisema kwa huzuni kubwa, "mwambie Mwanaheri kwamba mimi sijawahi kumfanyia mtu yeyote jambo kama hili."

Ghorofa ya tano ilikuwa tupu, watu wake wote wamekwenda siku nyingine. Nilifunga mabomba yao mwenyewe. Na ghorofa ya sita alikaa Karani Shomvi kwenye kiti, mbele ya mlango wa chumba cha dirisha, ufunguo ukiwa katika sahani mapajani mwake. Chini ya mlango ule ulipita mwanga mwembamba, mweupe, na ulikuwa na harufu ya mbali. Nilisimama nikauangalia.

"Kaa hapa basi," alisema. "Baragumu si mbali. Ukishuka utalowa tena."

"Nitajifuta. Funga bomba lako, Bwana Shomvi."

"Baraza halijapitisha."

"Sikuliomba Baraza. Nakuomba wewe. Una mikono."

Alitazama mikono yake kana kwamba imeletwa na tarishi asubuhi ile. Akaamka, akaingia chumbani kwake, na sauti ya mwisho ya maji katika Jengo lote ikakatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Jengo zima lilikuwa limeshika pumzi.

*

Nilipofika chini, Kidawa alikuwa ameizungushia chemba tuta la tope kuzuia maji, ameinua mfuniko, naye yumo ndani mpaka kiunoni, anachota.

"Mchanga ni mwepesi," alinifundisha bila kugeuka. "Mchanga hutulia, unauchota, umekwisha. Udongo wa mfinyanzi ndio wenye maneno. Huelea kutwa nzima majini hujui kama upo, ukija kulala umeshika kama gundi, na kila vumbi linalopita unalikamata. Usiusukume mbele. Ukiusukuma unampelekea jirani. Utoe. Kwa mkono. Ndoo kwa ndoo."

Nikashika ndoo. Ya kwanza ilinishinda uzito. Ya pili nikaibeba. Ya tano nikakuta mikono mingine inanipokea, nikageuka: watu wa ghorofa ya kwanza. Walikuwa wameteremka kuja kuona kwa nini maji yamenyamaza. Nyuma yao wa pili, nyuma yao wa tatu, kisha ngazi ikatetemeka na Bwana Hamdu akatokea, kajifunga shuka, povu limemkaukia kifuani, uso mweupe kama sanamu.

"Iko wapi hiyo kazi?" alinguruma. "Kazi iishe nikasuuze mwili!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Hamdu, wewe si mtu, wewe ni keki!"

"Cheka, cheka, Mwanaheri. Mwenzio nakauka kwa ajili yako."

Ikawa mstari. Kutoka chemba mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye mteremko nje ya ukuta, ndoo zikapita mkono kwa mkono, nzito zikienda, nyepesi zikirudi. Mtu akaanza kuimba, wimbo usiokuwa na maneno ila "pokea" na "pokea nawe", na Bwana Hamdu akaupa sauti ya chini. Watu ambao kwa miaka wamekuwa wakimwagiana vichwani bila kuonana sasa walikuwa wanapeana majina huku wanapeana tope. "Kumbe wewe ndiye unayepika dagaa Ijumaa!" "Kumbe wewe ndiye unayelia ukiosha vyombo." Huyu wa mwisho akasema, "Nilidhani hakuna anayesikia," na jirani yake akampokea ndoo kwa mikono miwili.

Kidawa akaniita. "Msomi, njoo usome."

Alikuwa amekata udongo kwa ukingo wa ndoo, ukasimama kama ukurasa. Ulikuwa na mistari. Mstari mwekundu, mstari wa kijivu, mstari mweusi wenye vipande vya majani, kisha mwekundu tena. Nikaelewa polepole, jinsi mtu anavyoelewa kwamba ameitwa. Haukuwa uchafu. Ulikuwa ni njia. Kila mgeni aliyewahi kufika kwetu alikuwa amebeba nchi yake chini ya nyayo, sisi tukainama tukaiosha kwa heshima zote, tukaimwaga, na ikalala hapa. Miaka yote. Tumejiziba kwa adabu zetu wenyewe! Hakuna adui aliyefanya hivi. Tuliwapokea watu vizuri, tukasahau tu kuuliza kilichooshwa kinakwenda wapi.

Shangazi alikuwa ameshuka mezani. Sikumwona akishuka. Aliingiza vidole katika mstari mmoja mwekundu, chini sana, akauleta puani.

"Huu ni wa kwetu," alisema. "Mlima wetu ndio una rangi hii. Siku niliyoletwa hapa nikiwa bi harusi, mama mkwe aliniosha miguu pale mlangoni. Nililia, maana niliona vumbi la kwetu linakwenda na maji, nikajua basi, sina tena kwetu." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamshuka. "Kumbe halikwenda popote. Lilikuwa linanikalia hapahapa."

Akafinyanga tonge la udongo ule, akaliweka juu ya meza yake, karibu na ukili.

Chini ya mstari wa mwisho ufito wa Kidawa uligonga ubao. Tukapangusa. Ulikuwa ni upande wa juu wa mlango. Mlango mzima, umesimama, umejaa udongo, na kizingiti chake kiko mbali chini gizani. Watu wakasogea kuchungulia.

"Nani alikaa huko?" nikauliza.

"Nyie," Kidawa akajibu. "Ghorofa yenu ya chini ni ya tatu tangu kuanza. Kila mtaro ulipoziba, Baraza la siku hizo lilileta mikokoteni, watu wakapanda. Nilikuja mara ya kwanza, sikusikilizwa. Nikaja mara ya pili, nilichelewa."

Sikujua basi ana miaka mingapi. Hakuna aliyeuliza. Bwana Hamdu, mwenye povu lake, alichukua koleo na kushuka ndani ya chemba pamoja naye.

Akaunga fito moja kwa nyingine mpaka zikawa ufito mmoja mrefu kupita ukumbi, akauingiza katika bomba la kutokea, akasukuma, akazungusha, akavuta. Akasukuma. Akazungusha. Jengo zima lilikuwa linamtazama viganja. Kisha pakatoka sauti, ndogo kwanza, kama mtoto anayekohoa usingizini. Halafu kubwa. Halafu maji yote ya ukumbi yakabomoa tuta, yakageuza uso, yakaangalia upande mmoja, yakaanza kwenda.

Yalikwenda! Sufuria zetu zilitua sakafuni moja baada ya nyingine, zikilia. Kalamu yangu ilinipita mguuni, nikaiokota. Watu walirusha mikono, wengine walilala chali kwenye sakafu yenye unyevu kuhakikisha ni sakafu kweli. Kidawa akapiga fito mara tatu, na nadhani hakuna muziki niliowahi kuupenda zaidi. Mtoto mmoja wa ghorofa ya tatu akamwaga kikombe kimoja cha maji safi kwenye tundu la katikati, sote tukainama kusikiliza. Kikombe kikashuka, kikapita chini ya miguu yetu, kikafika chemba, kikatoka. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia maji yakifika mahali.

*

Basi Kidawa akakaa kwenye kizingiti, na Shangazi mwenyewe akapiga magoti kumwosha. Alimwosha taratibu, kila kidole, kama anamwosha Mishi. Alipomaliza, Kidawa alisimama, akachukua ndoo yake na fito zake, akasema, "Kila mwaka, mvua ikikaribia, fungueni kwanza chemba ya mwisho," akatoka. Alipoinama kupita mlangoni alikuwa msichana. Upande wa pili sikumwona tena.

Beseni lilibaki mikononi mwangu.

"Dada Siwatu!" Ilikuwa sauti ya Karani Shomvi kutoka juu ya ngazi, inashuka ghorofa moja baada ya nyingine. "Ukumbi mkavu, nimeuona, kifusi kimefutwa! Lakini dirisha ni jambo jingine, nalo lina saa yake! Mpiga baragumu ameshapanda! Jifute miguu uje!"

Shangazi alisimama haraka, akifuta mikono kwenye kanga. "Lete beseni, mwanangu. Nitapeleka mimi. Kimbia, miguu yako bado ina nguvu."

"Alisema mimi mwenyewe."

"Ameshaondoka. Atajuaje?"

"Hatajua," nikasema.

"Si ndiyo maana nakwambia lete? Umelililia dirisha hilo tangu hujaota meno."

Na ni kweli. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, ngazi kulia kwangu, mlango kushoto, na kati ya mikono yangu maji ya kahawia yenye vumbi la nchi nisizozijua. Nikafikiri. Kama ningekuwa na hoja nzuri ningeiandika hapa. Baraza linaweza kuvunja ahadi likasoma karatasi. Mimi sikuwa na karatasi. Nilikuwa na mbegu tatu zilizoambiwa zitapata. Niliwaza: kama nitapanda juu nikaona njia yote ya maji mpaka mwisho wake, huku maji niliyopewa mimi nimemwachia mtu mwingine, nitakuwa nimeona nini?

"Nisamehe, Shangazi," nikasema.

Aliniangalia, kisha akanirekebishia kitambaa kichwani. "Twende nikufungulie mlango basi. Mikono yako imejaa."

Nikatoka. Mteremko ulikuwa unateleza kwa tope tulilolitoa, vichuguu vyekundu na vya kijivu pande zote, na jua likivigonga vilikuwa vinang'aa kama vyungu vibichi. Nilitembea kwa hatua fupi. Maji yalicheza beseni zima, nami nikacheza nayo, kushoto, kulia, ili yasimwagike. Bwana Hamdu alikuwa chini ya bomba la nje, anasuuza povu lake hatimaye, akaimba aliponiona.

Nilikuwa nusu ya njia baragumu lilipolia.

Nilishtuka. Maji yaliruka yakanilowesha gauni kuanzia kiunoni mpaka chini. Kutoka juu kabisa, sauti ya Karani Shomvi ilisikika ikisoma jina, na halikuwa langu. Alilisoma polepole sana, bila furaha, kama mtu anayengoja kukatizwa. Nikasikia dirisha linafunguliwa, na mtu mwingine anashangaa kwa furaha kwa alichokiona. Sikugeuka kutazama. Sikutua beseni. Mikono ilikuwa inaniuma, na machozi yalikuja, nikayaacha yaende yanakotaka.

Mbegu nilizipata kwa alama zake: vijiti vitatu vyenye uzi wa njano. Karibu nazo, kutoka chini ya ukuta, mdomo wa bomba letu ulikuwa unatoa maji mazito yenye rangi, yakipita katika majani, yakijitafutia njia. Sikuona yanakokwenda. Majani yalikuwa marefu.

Nikapiga magoti, nikamwagia mbegu ya kwanza. Nikamwagia ya pili. Beseni likawa tupu. Nililiinamisha, nikaligonga kitako, halikuwa na tone.

Basi nikakusanya upindo wa gauni langu, nikausokota kwa mikono yote miwili juu ya mbegu ya tatu, nikakamua, mpaka udongo ukabadilika rangi.